Virgil na Ovid kwa Kiingereza: Jinsi Tafsiri Ilivyozaa Bahari Mpya za Ushairi

Mtu anayeanza kusoma tafsiri za kale za Kiingereza za washairi wa Roma hukutana mapema na tabu moja: hajui akiite nini kile kilicho mbele yake. Kazi moja humfuata Virgil mshororo kwa mshororo. Nyingine humwongezea Ovid mambo ambayo hakuyasema. Ya tatu huiondoa Roma yote na kuiweka London mahali pake. Ya nne huchukua kisa cha Horace na kukisimulia kana kwamba kilisikika kwa wajakazi wa nyumbani, bila kumtaja Horace hata mara moja. Karibu zote ziliandikwa na watu waliofundishwa Kilatini tangu utotoni, kwa kuwa shule za Uingereza za karne ya 16 zilikuwa kwa kiasi kikubwa shule za Kilatini, kwa hiyo tofauti zilizopo kati yake haziwezi kuelezwa kwa ujinga wala kwa uzembe. Nionavyo mimi, fundo hili hulegea pale tunapoacha kuuliza kwanza ni tafsiri ipi iliyo aminifu zaidi, tukauliza mtafsiri alikuwa na bahari gani ya ushairi ya kutungia. Mwanzoni mwa karne ya 16 Kiingereza hakikuwa na bahari iliyokubalika ya kuubeba utenzi wa Virgil. Ilibidi itafutwe, na katika kuitafuta huko ndiko zilikopatikana bahari ambazo washairi wa Kiingereza waliendelea kuzitumia kwa karne kadhaa.

Ugumu wenyewe ulikuwa hivi. Ushairi wa Kilatini hauna vina, na mizani yake haipimwi kwa kuhesabu silabi tu. Hupimwa kwa urefu wa silabi: nyingine ndefu, nyingine fupi, zikipangwa katika vipande vidogo viitwavyo miguu. Wanaoijua arudhi ya Kiarabu, yaani kanuni za mizani ya ushairi wake, watautambua msingi huu mara moja. Mshororo wa tenzi za Kilatini, yaani heksamita, una miguu sita, na kwa kuwa silabi moja ndefu yaweza kushika nafasi ya mbili fupi, mshororo mmoja kwa kawaida huwa na silabi kati ya 13 na 17 bila kuharibika. Kiingereza hakisikii urefu wa silabi kwa namna hiyo. Kinachosikika ni mkazo wa sauti, na tangu Zama za Kati sikio la Mwingereza lilikuwa limezoea vina. Zaidi ya hayo, maneno ya Kilatini hubeba uhusiano wao wa kisarufi katika miisho, hivyo mshairi aweza kuyapanga apendavyo. Virgil anapoufungua utenzi wake kwa maneno “Arma virumque cano”, mpangilio ni silaha, kisha mtu, kisha naimba, na silaha zinatangulia kwa sababu vita ndiyo habari. Kiingereza kina uhuru mdogo mno wa aina hiyo.

Palikuwa na tatizo jingine ambalo husahauliwa. Katika karne ya 14 Chaucer alikuwa ametunga kwa mishororo ya silabi kumi iliyotulia vizuri, na alisimulia upya visa vingi vya Ovid na Virgil. Lakini matamshi ya Kiingereza yalibadilika baada yake, irabu za mwisho wa maneno mengi zikanyamaza, na wasomaji wa miaka ya 1500 walipomsoma hawakuisikia tena mizani yake sawasawa. Walimheshimu kama baba wa ushairi wao bila kuweza kumtumia kama kipimo.

Wa kwanza kuitafsiri yote kwa ushairi Aeneid, yaani utenzi wa Virgil juu ya shujaa Aeneas wa Troy, hakuwa hata Mwingereza. Gavin Douglas, kasisi wa Uskoti ambaye baadaye alikuwa askofu wa Dunkeld, aliimaliza kazi yake mwezi wa Julai 1513, akaiandika kwa lugha ya Kiskoti katika mishororo ya silabi kumi inayofungwa vina viwili viwili. Hasira yake ilikuwa imewashwa na mchapishaji William Caxton, ambaye mwaka 1490 alitoa kitabu cha nathari kuhusu Aeneas alichokitoa kwenye Kifaransa, kikiwa kimeharibu mfuatano wa habari na kumpa Dido, malkia aliyempenda Aeneas, nafasi kubwa kupita kiasi. Douglas alisema kitabu kile kilifanana na cha Virgil kama vile Shetani anavyofanana na Mtakatifu Augustino. Hapa, kwa mara ya kwanza katika lugha hizi, tunaona mtafsiri akisimama na kudai kwamba anao wajibu kwa mwandishi aliyekufa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hata hivyo Douglas huyohuyo alikitanguliza kila kitabu kwa dibaji yake mwenyewe ya kishairi, na dibaji ya kitabu cha saba ni maelezo ya majira ya baridi ya Uskoti, yenye barafu, upepo na ndege walionyamaza, ambayo hayana shina lolote katika Virgil. Tena akaongeza kitabu cha 13, kilichotungwa na Maffeo Vegio, Mwitalia wa karne ya 15. Uaminifu na nyongeza vilikaa pamoja katika kitabu kimoja, na yeye hakuona mgongano.

Tafsiri ya Douglas ilizunguka kwa hati za mkono, na mmoja wa waliosoma nakala alikuwa Henry Howard, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Surrey. Huyu alitafsiri kitabu cha pili na cha nne cha Aeneid, akiazima wazi maneno na mafungu mazima ya Mskoti yule, lakini akafanya jambo ambalo Douglas hakulifanya: aliviacha vina. Waitalia wa wakati wake walikuwa wameanza kutunga mishororo isiyo na vina kwa kazi nzito, na Surrey akaona kwamba kina kikirudi kila baada ya mishororo miwili huikata sentensi ndefu ya Virgil vipande vipande. Kitabu cha pili kinaanza pale Aeneas anapotakiwa kusimulia kuanguka kwa mji wa Troy, na ukumbi mzima ukanyamaza: “Conticuere omnes intentique ora tenebant”, yaani wote walinyamaza wakamkazia nyuso. Surrey aliandika: “They whisted all, with fixed face attent”. Hesabu silabi zake, utapata kumi, na mkazo ukiangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi. Kitenzi kimetangulia karibu na mwanzo kama kwa Virgil, na kivumishi cha mwisho kimewekwa baada ya jina, mpangilio ambao Kiingereza cha kawaida hakiupendi, ili ukimya na umakini vikae kwenye ncha mbili za mshororo kama vilivyo katika Kilatini.

Surrey alikatwa kichwa Januari 1547 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, akiwa bado kijana, na tafsiri yake ilichapishwa baada ya kifo chake, kitabu cha nne mwaka 1554 na vyote viwili mwaka 1557 na Richard Tottel. Bahari aliyoianzisha ilichukuliwa na watunzi wa tamthilia, ikafika kwa Marlowe, kisha kwa Shakespeare, na karne moja baadaye Milton akaitumia kwa utenzi wake mkuu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuisoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere amesoma kazi ambayo asili yake ya Kiingereza imetungwa kwa mishororo iliyobuniwa ili kumtafsiri Virgil. Sifahamu ushahidi mwingine ulio mzito kuliko huu kwamba tafsiri inaweza kuijenga fasihi inayoipokea.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa kizazi kilichofuata hawakuuona ushindi huo. Thomas Phaer, tabibu na mwanasheria aliyeishi Wales, alichapisha vitabu saba vya kwanza vya Aeneid mwaka 1558, akafa mwaka 1560 kabla ya kumaliza, na kazi ikakamilishwa na Thomas Twyne mwaka 1573. Phaer alitumia mishororo mirefu ya silabi 14 yenye vina. Arthur Golding alifanya vivyo hivyo kwa Metamorphoses, utenzi wa Ovid wa visa vya kugeuka maumbo, vitabu vinne mwaka 1565 na vyote 15 mwaka 1567. Leo mishororo hiyo huonekana mizito na yenye kujikokota, lakini uteuzi wake ulikuwa na akili: silabi 14 zinakaribia urefu wa heksamita, kwa hiyo mtafsiri aliweza kumfuata Mroma karibu mshororo kwa mshororo bila kubanwa. Kasoro yake ni kwamba mshororo huo hukatika wenyewe baada ya silabi ya nane, na mwendo wake huwa ni ule wa nyimbo za watu wa kawaida.

Golding anastahili kukaliwa zaidi kidogo. Alikuwa Mprotestanti mkali, mtafsiri wa maandishi ya Calvin, mwanateolojia wa Kiprotestanti, na alimpa Ovid dibaji ndefu ya kueleza mafunzo yaliyofichwa katika visa vya miungu na mapenzi. Lakini akishaingia ndani ya kisa, anakisimulia kwa furaha kama Mwingereza wa mashambani. Katika kitabu cha saba, mchawi Medea anaziita nguvu zote za asili: upepo, milima, mito, maziwa na miungu yote ya misitu. Golding, badala ya miungu, anawaita “Elves”, yaani viumbe wa masimulizi ya Kiingereza walio mfano wa vibwengo, nao wanakuwa wa vilima, vijito na misitu. Shakespeare aliyatumia maneno hayo karibu yalivyo katika The Tempest, pale Prospero anapouaga uchawi wake. Neno ambalo Ovid hakuliandika lilipita kwa mtafsiri likaingia katika mojawapo ya hotuba zinazokumbukwa zaidi za jukwaa la Kiingereza.

Wakati huohuo wasomi walikuwa na hoja nyingine. Roger Ascham, katika kitabu chake cha ualimu kilichochapishwa mwaka 1570 baada ya kifo chake, alivishutumu vina kuwa mabaki ya washenzi walioivamia Roma, akataka Waingereza watunge kwa silabi ndefu na fupi kama Warumi wenyewe. Edmund Spenser alilijaribu wazo hilo katika barua alizoandikiana na Gabriel Harvey. Richard Stanyhurst, mzaliwa wa Dublin, alilifikisha mwisho wake: mwaka 1582, mjini Leiden, Uholanzi, alitoa vitabu vinne vya kwanza vya Aeneid kwa heksamita za Kiingereza. Ili silabi zimtii, ilimbidi abuni maneno, apindue tahajia na kurundika milio ya ngurumo na vishindo. Thomas Nashe alimkejeli hadharani, na wengi wamemkejeli tangu hapo. Mimi nadhani kazi yake ilihitajika. Bila mtu aliyekubali kuipeleka nadharia ile hadi ukurasa wa mwisho, ubishi ungeendelea kwa miaka mingi zaidi. Thomas Campion aliufufua mwaka 1602, Samuel Daniel akamjibu kwa kuvitetea vina, na Campion mwenyewe, alipoligeuza shairi la Mroma Catullus kwa mpenzi wake Lesbia kuwa wimbo mwaka 1601, alikuwa ametumia vina kama kila mtu.

Mtu aliyeipata bahari ya pili kubwa ni Christopher Marlowe. Akiwa kijana alizitafsiri Amores za Ovid, mashairi ya mapenzi yaliyotungwa kwa jozi za mishororo: wa kwanza una miguu sita, wa pili mitano. Katika shairi la mwanzo Ovid anasema alikuwa akijiandaa kuimba vita kwa mishororo iliyolingana, ndipo Kupido, mungu wa mapenzi, akacheka na kumwibia mguu mmoja. Hivyo mshororo wa pili ukapungua, naye akajikuta mshairi wa mapenzi. Msomaji wa Kilatini anaisikia hasara hiyo papo hapo, kwa sababu mshororo anaousoma kweli umepungua. Marlowe anayatafsiri maneno hayo yote, mguu na kicheko, lakini mishororo yake miwili ina silabi kumi kila mmoja, na hakuna kilichoibwa. Utani umebaki katika maana, umetoweka katika mizani. Alichokipata badala yake ni jozi iliyofungwa kwa kina, yenye wazo moja linaloanza na kukamilika ndani ya silabi ishirini, na jozi hiyo ndiyo iliyotawala ushairi wa Kiingereza katika karne iliyofuata. Marlowe aliuawa mwaka 1593. Mwaka 1599 Askofu Mkuu wa Canterbury na Askofu wa London waliamuru vitabu kadhaa vichomwe moto, na kitabu chenye tafsiri hizo kilikuwa kimojawapo.

Hadi hapa tumezungumzia tafsiri. Uigaji ulikwenda sambamba nao, tena ulianza mapema. Sir Thomas Wyatt, aliyefariki mwaka 1542, alikuwa mtumishi wa Henry wa Nane na alifungwa zaidi ya mara moja. Katika shairi alilomwandikia rafiki yake John Poyntz, anasema wajakazi wa mama yake walipokuwa wakishona na kusokota nyuzi waliimba kisa cha panya wa shamba aliyekwenda kumtembelea dada yake mjini. Kisa ni cha Horace, lakini jina la Horace halimo. Kwa Horace, karamu ya panya inavurugwa na mbwa wakubwa wanaobweka, na yule wa shamba anaaga na kurudi salama kwenye shimo lake porini. Kwa Wyatt anatokea paka, naye panya wa shamba anakamatwa. Mtu aliyewatazama marafiki zake wakipelekwa kuuawa hakuweza kuimaliza hadithi kwa safari njema ya kurudi nyumbani. Badiliko hilo moja linaeleza kazi ya uigaji kuliko nadharia nyingi: mwigaji huitegemea asili ili pale anapoiacha paonekane.

Nadharia ilikuja baadaye. John Dryden, katika dibaji ya mkusanyo wa nyaraka za Ovid uliotolewa mwaka 1680, aligawa njia tatu: kufuata neno kwa neno na mshororo kwa mshororo, kuishika maana huku maneno yakiachwa huru, na kuiga, ambapo mshairi huchukua dokezo tu na kutunga kama vile mwandishi wa kale angetunga lau angaliishi nyakati hizi na katika nchi hii. Njia ya kwanza, iliyofuatwa na Ben Jonson alipotafsiri utenzi wa Horace kuhusu sanaa ya ushairi, Dryden aliifananisha na kucheza juu ya kamba huku miguu ikiwa na pingu: kwa tahadhari mtu anaweza asianguke, lakini asitazamiwe kuwa na madaha. Ya tatu aliiona ni uhuru uliopita mipaka. Alichagua ya kati. Mgawanyo huu ni mzuri na ungali unatumika, ila unapotosha ukirudishwa nyuma na kuwapima Douglas au Golding, ambao walipita katika njia zote tatu ndani ya ukurasa mmoja.

Mkusanyo huohuo wa 1680 ulikuwa na waraka uliogeuzwa na Aphra Behn, ambaye Dryden alieleza kuwa hakujua Kilatini, akaongeza kwamba kama ni hivyo basi amewapa sababu ya kuona haya wao wanaokijua. Mwanamke mwingine alikijua vizuri mno. Lucy Hutchinson, mke wa mmoja wa waliotia saini hati ya kuuawa kwa Mfalme Charles wa Kwanza, alitafsiri utenzi wote wa Mroma Lucretius kuhusu asili ya vitu, akiwa wa kwanza tujuaye kuukamilisha kwa Kiingereza. Anaeleza kwamba alifanya kazi hiyo chumbani ambamo watoto wake walikuwa wakifundishwa na walimu wao. Alihesabu silabi za mishororo yake kwa nyuzi za kitambaa alichokuwa akidarizi, kisha akaziandika kwa kalamu na wino uliokuwa kando yake. Mwaka 1675 aliikabidhi hati hiyo kwa bwana mmoja mkubwa pamoja na barua ya kuyakana mafundisho ya Lucretius juu ya miungu. Tafsiri ya Thomas Creech ilichapishwa mwaka 1682 na kumpa sifa kubwa. Ya Hutchinson ilichapishwa mwaka 1996.

Dryden mwenyewe alimaliza Virgil yote mwaka 1697. Wakati huo alikuwa amepoteza cheo chake cha mshairi wa taifa baada ya mapinduzi ya 1688, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki na hakukubali kula kiapo kwa Mfalme William. Kitabu kiligharimiwa kwa michango iliyotolewa kabla ya kuchapishwa, na wachangiaji wapatao mia moja walilipa guinea 5, sarafu za dhahabu za Uingereza, kila mmoja ili nembo zao ziwekwe chini ya picha. Picha zenyewe zilikuwa za zamani, zimetoka katika Virgil ya John Ogilby ya mwaka 1654, na mchapishaji Jacob Tonson aliamuru pua ya Aeneas ichongwe upya ifanane na ya mfalme. Dryden hakukitabaruku kitabu kwa mfalme huyo. Na katika jozi zake za vina, Aeneas ni mtu aliyefukuzwa na kuhamishwa kwa lazima. Maneno mawili yenye uzito wa uhamisho yanabanana katika mshororo mmoja pale Virgil alipotumia neno moja tu. Hapo mtafsiri wa njia ya kati amekanyaga kwa makusudi ardhi ya mwigaji.

Uigaji ulifikia kilele katika miaka ya 1730. Alexander Pope alichapisha mashairi ya Horace aliyoyageuza yawe ya London ya wakati wake, na Kilatini kikawekwa kwenye ukurasa unaokabili Kiingereza ili msomaji apime mwenyewe kila kilichobadilishwa. Mwaka 1738 Samuel Johnson alifanya hivyo kwa satira, yaani shairi la kejeli, ya tatu ya Mroma Juvenal: yule Mroma anayeukimbia mji kwenda Cumae akawa Thales anayeondoka London kwenda Wales, na Wagiriki waliolaumiwa kwa kuijaza Roma wakawa Wafaransa. Mwaka 1749 akaigeuza satira ya kumi. Kwa Juvenal, Sejanus, mtu wa karibu wa Kaizari Tiberio, anaanguka kutoka kwenye kilele cha mamlaka, na Hannibal, jemadari wa Karthago, anapoteza kila alichokiteka. Kwa Johnson, anayeanguka ni Kadinali Wolsey, waziri wa Henry wa Nane, na anayepoteza ni Charles wa Kumi na Mbili wa Uswidi, mfalme aliyekuwa amefariki miaka 31 tu kabla ya shairi kuchapishwa. Asiyejua Kilatini alisoma shairi zito la Kiingereza juu ya matamanio ya wanadamu. Aliyekijua alisoma mashairi mawili kwa pamoja, na alijua barabara ni wapi Johnson alikuwa ameachana na Juvenal, hasa mwishoni, pale kicheko cha Mroma juu ya dua za watu kinapogeuzwa kuwa sala ya Mkristo.